Kwao ni wapi? Jinsi nilivyomtoa mtoto wa dada yangu mtaani Nakuru

Mtoto wa dada yangu aliishi nje kwa zaidi ya mwaka mmoja hapa Nakuru, kati ya stesheni ya reli, soko la Wakulima na jaa la Gioto. Sasa yuko kwangu na anasoma. Jina lake silitaji, wala la shule yake, kwa sababu ana haki ya kukua bila kunyooshewa kidole. Ninawaandikia shangazi, mjomba, nyanya au jirani ambaye leo anamjua mtoto aliye huko nje na hajui aanzie wapi. Nitasema gharama zilivyokuwa. Nitasema pia habari za zamani za familia yetu, kwa kuwa bila hizo kazi hii isingewezekana, na nitaeleza kwa nini.

Dada yangu alifariki 2019. Alimwacha mvulana wa miaka minane na mume ambaye hakuwa baba yake mzazi, kwenye chumba cha kupanga Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru. Mimi nilikuwa Naivasha kwenye shamba la maua. Machi 2020 korona ilipoingia, soko la maua huko Ulaya liliporomoka na wengi wetu tukaambiwa twende nyumbani bila mshahara. Siku hizo hizo shule zikafungwa. Kwa mtoto huyu shule ndiyo iliyokuwa chakula cha mchana. Baba wa kambo alikuwa mtu wa mjengo, na mjengo nao ukakauka. Mtoto akaanza kuokota vyuma na chupa za plastiki na kuuza kwa kilo, akirudi jioni na shilingi thelathini au hamsini. Akirudi mikono mitupu, anachapwa. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, hakuna aliyempeleka. Alikuwa ameshaanza kulala nje siku mojamoja, kisha akaacha kurudi kabisa.

Watu husema mtoto ametoroka. Nimekaa na watoto hawa vya kutosha kujua kwamba wengi hawaondoki kwa siku moja. Kwanza mtoto anatafuta pesa mtaani mchana na kulala nyumbani. Baadaye anakosa usiku mmoja, halafu usiku mbili. Anapata marafiki wanaojua mahali penye joto na hoteli inayotoa makombo. Hapo ndipo anapohama. Katika miezi hiyo ya katikati, mwalimu anaona dawati tupu, na mama mboga anamwona mtoto na gunia saa ya masomo. Ukimwona wakati huo, uliza mara moja. Kumrudisha mtoto ambaye bado analala kwao siku nyingine ni kazi ya wiki chache. Akishahamia besi, yaani pale watoto wa mtaani wanapolala pamoja, ni kazi ya miaka.

Nilirudi Nakuru mwanzoni mwa 2022, nikapanga chumba Kaptembwa na kuanza kushona nguo. Baba wa kambo alikuwa ameshahama Rhonda na hakuna aliyejua alikokwenda. Mtoto nilimpata kwa msaada wa mama mmoja anayeuza chai karibu na stesheni. Mama huyo anawajua wote kwa majina, anajua nani anakohoa na nani hajaonekana tangu juzi. Kabla ya kwenda popote, tafuteni mtu kama huyo.

Aliponiona alinijua papo hapo, lakini hakunikaribia. Alisimama mbali, chupa ya gundi imefichwa ndani ya mkono wa sweta, akanitazama kama mtu anayeangalia gari la kanjo, askari wa kaunti. Nililia nikiwa nimesimama pale barabarani, na sikuona aibu.

Besi ina wakubwa wake. Aliyeongoza ile yao alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mpole kuliko nilivyotarajia. Nilimsalimu, nikamweleza mimi ni nani, nikauliza kama naweza kuja tena. Aliniambia, "Tata (yaani shangazi), kuja asubuhi. Jioni hapa hakuna mtu wa kuongea." Alikuwa anasema kweli. Kufikia jioni gundi imeshapanda kichwani, kwa sababu ndiyo inayozuia njaa na baridi ya Nakuru. Asubuhi watoto ni watoto. Nilikuwa nikija na chai na mandazi ya kuwatosha wote waliokuwepo, kwa kuwa ukimlisha mmoja pekee yake unamwachia matatizo ukishaondoka. Pesa sikutoa. Pesa inanunua gundi, na mkubwa akisikia kwamba mtoto ana shangazi mwenye pesa, atamtuma kila siku.

Usimchukue mtoto mkono kwa mkono na kumpeleka nyumbani, hata kama ni damu yako. Nenda kwanza kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kama ni usiku au kuna hatari, piga 116, ni bure, au nenda kituo cha polisi ukaandikishe kwenye kitabu. Kisheria mtoto asiye na makao ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwenye Sheria ya Watoto ya 2001, na ile mpya ya 2022 imeendelea vivyo hivyo, na imeutambua wazi ulezi wa jamaa kama njia halali ya kumtunza mtoto. Bila karatasi, baba wa kambo anaweza kujitokeza kesho akudai mtoto, au jirani akakushuku umeiba mtoto wa watu. Shule nayo itakuuliza wewe ni nani kwake.

Ofisini nilipewa fomu. Ilitaka kijiji, kata ndogo na jina la chifu wa kwao. Nikaandika Kaptembwa. Afisa, mwanamke mtu mzima aliyezoea kazi yake, aliisoma akaniambia, "Hapa ni mnapopanga. Kwao ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama yangu, yaani cucu, nyanya, wa huyu mtoto. Ana sanduku la bati ambalo amekimbia nalo mara mbili katika maisha yake. Alilifungua kitandani, na jioni ile nikasikia kwa mpangilio mambo ambayo maisha yangu yote nilikuwa nimeyasikia vipandevipande.

Guka, baba ya baba yangu, alizaliwa kwenye shamba la mzungu upande wa Elburgon. Ardhi hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imeitwaa kwa sheria za 1902 na 1915, na ile ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya kukodi ya miaka 999. Wazazi wake guka walikuwa maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima kipande na kufuga mbuzi wachache. Ile ya 1937 ikawapa walowezi nguvu ya kupunguza mifugo na vipande hivyo. Kwa hiyo guka alikuwa na mahali alipozaliwa, lakini hapakuwa pake, na hakuna karatasi iliyoandika jina la baba yake isipokuwa kipande, yaani ile pasi ya kazi ya wakoloni.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wakati wa Mau Mau, Wakikuyu kwa makumi ya maelfu waliondolewa kwenye mashamba ya Bonde la Ufa na kupelekwa kwenye rizavu za Kati, maeneo yaliyotengewa Waafrika, mahali ambapo wengi wao hawakuwa wamezaliwa na hawakuwa na hata hatua moja ya shamba. Familia yetu ilipakiwa kwenye lori. Cucu anasema mama mkwe wake alikuwa akisimulia kwamba watoto wawili walipotea safarini na hawakupatikana tena. Wakati huo watoto wasio na wazazi walizidi kujaa Nairobi na kwenye kambi za kizuizini. Mwaka 1955 serikali ilifungua kambi ya vijana ya Wamumu kwa wavulana waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, na shule ya Starehe ilianza Nairobi mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala nje. Anayefikiri watoto wa mitaani waliletwa na gundi, au na akina mama wa siku hizi, afikirie miaka hiyo.

Uhuru ulipokuja, mashamba ya wazungu hayakugawiwa bure kwa walioyafanyia kazi. Yaliuzwa. Mpango wa ekari milioni moja wa 1962 uliendeshwa kwa mikopo ya kulipwa, na mashamba mengine yakanunuliwa na kampuni za kununua ardhi ambazo watu wa kawaida walichangia hisa. Guka alichanga. Kwenye sanduku la cucu kuna cheti cha hisa na risiti zilizofifia. Alipata kipande upande wa Molo, akajenga, baba yangu akaoa hapo. Hatimiliki haikuja.

Mwaka 1992, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, vita vya kikabila vilifika Molo na Olenguruone. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka moshi, nakumbuka dada yangu wa miaka minne mgongoni kwangu. Baba hakufika Nakuru. Tulirudi baadaye, tukajenga upya kwa mabati ya kuokota. Desemba 2007 na Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, tukakimbia tena, safari hii hadi kambi ya uwanja wa maonyesho hapa Nakuru. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133. Dada yangu alikuwa na miaka ishirini, alikaa kambini miezi, na akatoka akiwa na mwanamume aliyemkuta humo. Mvulana huyu alizaliwa 2011 Rhonda. Mwanamume yule alishakwenda zake.

Niliweka kalamu chini. Hesabu kutoka kwa baba wa guka hadi kwa mtoto huyu ni vizazi vitano, na katika vyote hakuna aliyeweza kumrithisha mwingine mahali. Zamani mtoto akifiwa na mama, alikwenda kwa nyanya au kwa mjomba, na shamba lilikuwa na uwezo wa kulisha mdomo mmoja zaidi. Chumba cha futi kumi kwa kumi cha kupanga hakina uwezo huo. Nyumba za kazi mijini tangu mwanzo zilijengwa kwa mwanamume mmoja, na mwaka 1954 hata kamati ya serikali yenyewe, ile ya Carpenter, ilikiri kwamba mishahara ya Waafrika ilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto. Mji uliopangwa hivyo haukumwekea mtoto nafasi. Mtoto alitakiwa awe rizavu, na huko nako ardhi ilikuwa imekwisha.

Pale besi si wote walikuwa na habari kama yetu. Wawili walitoka upande wa Ziwa Victoria, kwa nyanya waliozika watoto wao wote wakati wa ukimwi, ambao serikali ilichelewa kuutangaza kuwa janga la kitaifa hadi 1999. Nyanya akifa, mtoto anapanda lori la samaki. Mwingine mama yake mwenyewe alikulia mtaani Kisumu. Huyo mama alizaliwa miaka ambayo wazazi waliambiwa wachangie gharama za shule na hospitali, watoto wengi wakaacha masomo, na elimu ya msingi bila malipo ilipokuja Januari 2003 alikuwa ameshakuwa mkubwa. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, 2,746 wakiwa Kisumu na 2,005 Nakuru. Nilipoisoma nilishangaa kwamba inahesabu familia. Wengine wamezaliwa huko na wanazaa huko.

Na jinsi wanavyotendewa nako kuna mizizi. Sheria ya uzururaji, iliyomfanya mtu asiye na kazi wala makao kuwa mhalifu, tuliirithi kutoka kwa wakoloni na haikufutwa hadi 1997. Tabia haikufutwa nayo. Februari 2019 watoto na vijana wa mtaani walikusanywa hapa Nakuru wakabebwa na kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, Baringo, kwenye baridi. Miaka mitatu baadaye watoto wa besi walikuwa bado wanalitaja jina la msitu huo kwa woga. Ndiyo maana mtoto wangu aliponiona alisimama mbali.

Sasa, faida ya haya yote kwenye fomu. Niliandika makazi ya sasa Kaptembwa, asili ya familia Molo, nikaambatanisha nakala ya cheti cha hisa na kadi ya kambi. Kwa majina yaliyokuwa kwenye karatasi za guka, afisa alimwandikia chifu wa upande wa Molo, na tukampata binamu ya baba yangu, ana robo ekari na roho nzuri. Hakuwa na uwezo wa kumchukua mtoto, lakini ombi langu la kumlea lilipofika mahakamani alikuja kusema anamtambua, na alikubali kumpokea wakati wa likizo. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii ikawa na jamaa watatu badala ya mmoja. Hakimu aliuliza nikiugua nani atamlea, na tulikuwa na jibu. Kwa hiyo ukianza kazi hii, kaa na mzee wa familia kabla ya kukaa na mtoto. Chukua majina, mashamba, makanisa, kambi, namba za vitambulisho vya waliokufa.

Karatasi nyingine: kadi ya kliniki ya mtoto kama ipo, cheti cha kifo cha mama au kibali cha mazishi, barua ya chifu, na cheti cha kuzaliwa. Hicho cha mwisho ndicho kilichotuchelewesha zaidi, kwa kuwa kuzaliwa kwake hakukuandikishwa. Anza nacho siku ya kwanza, maana usajili wa shule unakitaka. Wakati tunangoja, jamaa mmoja alinishauri nimpeleke kwenye makao fulani, nikaenda kuyaona. Walitaka picha zake kabla ya kutaka habari zake. Nilipoomba kuona cheti cha usajili nilizungushwa, nikaondoka. Mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe kwenye familia na makao yawe njia ya mwisho, na nakubaliana nao kwa moyo wote. Ila familia ipewe nguvu ya kufanya hivyo, na hapo bado.

Miezi ya kwanza nyumbani ilikuwa migumu kuliko mahakama. Bila gundi alitetemeka, alipigana, hakulala. Alikuwa na funza miguuni na kifua kibovu. Hospitalini omba aonwe na mtu wa ushauri nasaha pia, si daktari wa kifua tu. Alificha chapati chini ya godoro. Kufunga mlango kwa kufuli hakusaidii; mtoto aliyeishi nje anajua madirisha yote. Alirudi besi mara kadhaa, na kila mara yule kijana mkubwa alinitumia habari kupitia mama wa chai, nami nikaenda asubuhi na kumwambia tu kwamba chakula kipo. Jamaa zangu walinisukuma nimchape. Nilikataa, kwa kuwa kuchapwa ndiko kulikomtoa Rhonda. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliumia pia: alihisi ameporwa mama. Nilianza kumtengea Jumamosi asubuhi yake peke yake, na hilo lilituliza nyumba.

Shuleni alikuwa amesoma hadi gredi ya tatu. Mwalimu mkuu alitaka kumrudisha na watoto wa miaka saba. Mvulana wa miaka kumi na mmoja hawezi kukaa hapo, ataondoka. Tulikubaliana aingie gredi ya nne na kufundishwa kusoma saa ya ziada. Sare, viatu na sweta vilikula 3,700, ingawa kaptura nashona mwenyewe. Nauli, nakala, dawa na siku nilizofunga cherehani kwenda ofisini vilinimalizia akiba ya Naivasha na nikaingia deni la chama chetu cha akiba. Wanachama walinivumilia. Kama huna chama au kanisa la kukubeba miezi sita, tafuta kwanza watu wawili wa kushirikiana nao. Uliza pia kwa afisa kuhusu Inua Jamii, msaada wa fedha wa serikali. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazolea yatima, lakini orodha haifunguliwi kila wakati, usipange chakula kwa kuitegemea.

Yuko sekondari ya chini sasa. Likizo huenda Molo kulima viazi kwa yule binamu ya baba yangu, na cucu amempa nakala ya cheti cha hisa aiweke kwenye faili yake ya shule. Ile ya asili tumeipeleka kwenye ofisi ya ardhi kuuliza, na tunaendelea kuuliza.

Rafiki yake wa besi, mdogo kwake kwa mwaka mmoja, anakumbuka soko la Luanda, mama anayeuza omena na kanisa lenye ngoma. Hajui jina la chifu wala la ukoo. Afisa wetu amemwandikia mwenzake wa Vihiga, na kwa ruhusa yake mtoto huyo anakula kwangu Jumapili. Kila anachokumbuka, jina la mwalimu, la mto, la mbwa wa jirani, nakiandika kwenye daftari na kukipeleka ofisini Jumatatu.